Gari haili maji, kuna mahali inavuja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wenye magari wenzangu wa hapa Dodoma na mafundi wetu pia. Kuna sentensi nimeisikia gereji tatu tofauti hapa mjini, kila mmoja anaisema kwa upole kabisa: "Mama, hizi gari zinakula maji kidogo, wewe uwe unaongezea tu." Mimi nikaamini, nikaongezea, nusura niue injini. Gari haili maji jamani. Maji ya rejeta yanazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, yanatoka kwenye injini yanaenda kupoa kwenye rejeta yanarudi, kwa hiyo kama kila wiki unaongeza nusu lita basi kila wiki nusu lita imetoka mahali, iwe nje ambako ukitafuta utapaona, au ndani ya injini kwenyewe ambako ni balaa zaidi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Nkuhungu, na mama yangu mzazi yuko Manyoni, kwa hiyo mara mbili kwa mwezi natoka na gari yangu Toyota IST naenda kumuona narudi. Ilianza mdogomdogo. Nafungua boneti asubuhi nakuta kile kitanki cha plastiki cha akiba kimekauka, najaza, baada ya siku nne kimekauka tena. Nachungulia chini ya gari, pakavu. Naweka mkono kwenye sakafu, pakavu. Na hapa ndipo Dodoma inatudanganya wengi, maana ilikuwa mwezi wa 10 na nyie mnajua jua la mwezi wa 10 huku, ardhi inaunguza, upepo mkavu, tone likidondoka halimalizi dakika limeshapotea, na lile linalodondokea kwenye injini yenye moto ndo kabisa linaondoka kama mvuke hata chini halifiki. Mtu wa Tanga angeona dimbwi, sisi tunaona vumbi. Ndo maana tunasema gari "inakula".

Gereji ya kwanza fundi aliangalia kwa macho kama dakika mbili akasema rejeta imekufa. Rejeta za gari zetu hizi sehemu ya katikati ni aluminiamu na matanki yake ya pembeni ni plastiki iliyobanwa na chuma, na kweli zikizeeka zinapasuka pale kwenye maungio, kwa hiyo sio kwamba alichosema hakiwezekani, ila hakupima. Alisema tu. Nikalipa rejeta ya mtumba na ufundi, na wiki mbili baadae maji yanapungua vilevile. Nikarudi, akaniambia basi labda na hii mtumba nayo ina shida. Hapo nimeshatoa hela ya mwezi.

Gereji ya pili wakaniwekea dawa ya kuziba, na fundi akanishauri kwamba ikiisha niwe naweka bizari ya manjano kijiko kimoja kwenye rejeta, eti wazee wote wa malori wanafanya hivyo. Nataka hili nilisemee vizuri. Hiyo dawa na hiyo bizari havijui wapi pabovu na wapi pazima. Kazi yake ni kuganda penye njia nyembamba, na ndani ya gari kuna njia nyembamba nyingi ambazo zinatakiwa zipitishe maji, zile mirija ya rejeta zenyewe, na kile kirejeta kidogo cha hita kilicho ndani ya dashibodi. Unaziba tundu la sindano unaacha umeziba nusu ya rejeta. Kama uko porini usiku na una watoto kwenye gari sikulaumu, weka ufike, ila ukifika kesho yake ndo uisafishe na utafute tatizo, isiwe ndo matengenezo.

Ya tatu wakatoa thamostati. "Huku kwetu joto mama, hii ni ya nchi za baridi." Wangapi wameambiwa hivi? Thamostati ni mlango, injini ikiwa baridi unafunga ili ipate joto haraka, ikifika nyuzi joto 80 na kidogo unafunguka maji yaende kupoa. Ukiitoa, injini inachukua muda mrefu kupata joto lake na ukiwa kwenye lami unakimbia inaweza isilipate kabisa, kompyuta ya gari inadhani bado ni asubuhi inazidi kumimina mafuta, petroli inaenda na injini inachakaa. Na uvujaji uko palepale! Kutoa thamostati hakuzibi tundu lolote. Mimi kilichoniuma ni kwamba hakuniuliza hata swali moja kuhusu maji yanapungua kiasi gani, lini, gari ikiwa moto au baridi.

Sasa Jumamosi moja naenda Manyoni. Nimepita Bahi vizuri, Kintinku vizuri, nimeanza kupanda mlima wa Saranda nyuma ya lori, jua la saa nane, taa nyekundu ya joto ikawaka. IST yangu haina mshale wa joto, ina taa tu, ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikishazidi, kwa hiyo hakuna onyo la katikati, ukiona nyekundu ni simama. Nikasimama pembeni, nikazima. Mvuke unatoka. Kijana mmoja mchunga mbuzi akaja na dumu la maji, moyo mzuri kabisa, akashika tayari mfuniko wa rejeta kwa kanga yangu, na dereva wa lori aliyekuwa amesimama mbele akapiga kelele "Mdogo wangu acha! Acha usifungue!" Namshukuru yule baba popote alipo. Maji yaliyo mle ndani yana joto kupita lile la kuchemka, yanashikiliwa na presha tu, siku ukifungua presha inatoka, sehemu yake inageuka mvuke kwa mkupuo na maji ya moto yanakurukia usoni. Tulikaa chini ya mbuyu karibu saa nzima, boneti wazi, mpaka hozi paipu ya juu, ule mpira unaopitisha maji kati ya injini na rejeta, ikawa inashikika kwa mkono, ndo yule dereva akafungua taratibu akiwa ameziba kwa kitambaa kinene. Na wala hakumwagia maji ya baridi kwenye injini ya moto, alisema silinda hedi, yaani kile kichwa cha juu cha injini, za siku hizi ni aluminiamu, ukizishtua zinapinda.

Kuna jambo moja nilikuja kulielewa baadae, na naliandika hapa kwa sababu linatuhusu sisi wa kanda ya kati kuliko watu wa pwani. Dar maji yanachemka nyuzi 100. Dodoma tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, maji matupu yanachemka kwenye nyuzi kama 96. Injini yenyewe inafanya kazi kwenye nyuzi 85 hadi 95 hivi. Mnaona nafasi iliyobaki? Hakuna. Kinachotuokoa ni ule mfuniko wa rejeta, ambao watu wanauchukulia kama kizibo cha chupa. Mfuniko una springi, umeandikwa juu 0.9 au 1.1, hiyo ndo presha, kwa baa hivi, unayoshikilia kabla haujaachia, na kwa presha ya 1.1 hata maji matupu hapa Dodoma hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Mpira wa mfuniko ukichoka, presha haijengeki, na maji yanachemka mapema huku yanasukumwa kwenye kitanki cha akiba na kumwagikia njiani. Kitu cha bei ndogo kuliko vyote ndicho hakuna fundi hata mmoja kati ya wale watatu aliyekigusa.

Aliyenisaidia ni fundi kijana tu, mtaani kwetu, hana hata bango. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba mwanangu, gari inachemsha." Akaniuliza maswali kwanza, mengi, mpaka nikashangaa. Maji yanapungua nikiendesha au hata ikilala? Kapeti ya mbele upande wa abiria imewahi kuloa? Kuna harufu tamutamu ndani ukiwasha hita? Hiyo ingekuwa kirejeta cha hita kinavuja ndani ya gari. Moshi mweupe unatoka kwenye ekzosi hata gari ikishapata moto? Akatoa kijiti cha oili, akafungua na mfuniko wa oili, akanionesha kwamba oili iko safi, haijawa kama chai ya maziwa, maana ingekuwa hivyo maji yanaingia kwenye oili na gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na injini, imeondoka. Akasema kama bado angekuwa na wasiwasi kuna maji ya bluu ya kupimia, unayaweka kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwa inaunguruma, gesi ya moshi wa petroli ikiwa inapenya humo yanageuka manjano. Sijawahi kuelezwa hivi na fundi yeyote miaka yote ya kumiliki gari.

Akaniambia niiache kwake ilale. Nilipokuja asubuhi saa moja nikamkuta ameshatandika boksi kavu chini ya injini nzima, kwa sababu boksi linaonesha doa hata tone likikauka, sakafu haioneshi. Halafu akaleta kipampu cha mkono chenye geji, alikiazima kwa mwenzake, akakifunga mahali pa mfuniko wa rejeta, injini ikiwa imepoa kabisa, akapampu taratibu mpaka karibu na ile 1.1 iliyoandikwa kwenye mfuniko na akasema hapo hapo inatosha, ukizidisha unapasua vizima. Kisha tukakaa tunaangalia mshale wa geji. Dakika kumi ukawa umeshuka mpaka 0.7. Injini haijawashwa, hakuna moto, hakuna upepo wa feni, hakuna pa kujificha. Akaanza kupita na tochi, hozi paipu ya juu, ya chini, zile mbili za hita zinazoingia ndani, zile ndogo mbili zinazopita kwenye throto, mlango wa hewa ya injini, anazibonyeza moja moja, akasema hozi ikibonyea kama ndizi mbivu au ikiwa na nyufa karibu na klampu, kile chuma kinachoibana, ibadilishwe hata kama haijavuja. Zote zilikuwa sawa isipokuwa klampu moja imelegea. Maungio ya rejeta, makavu. Kumbe rejeta yangu ya kwanza pengine ilikuwa nzima.

Alipotoa plastiki ya chini akaniita. Kwenye wota pampu, ile inayozungusha maji, kuna kitundu kidogo chini ya shingo yake, kimewekwa na watengenezaji makusudi, ili sili ya ndani, inayozuia maji, ikichoka maji yatokee pale yasiingie kwenye beringi. Pale kwenye kitundu kulikuwa na ukoko umekauka kama chumvi, mweupe wenye wekundu kwa mbali, umeteremka mstari, na juu yake tone jipya linajikusanya polepole, likaanguka kwenye boksi. Nililitazama lile tone nikajikuta machozi yananilenga, si kwa sababu ya gari, ni kwa hela yote niliyotoa ambayo ilikuwa ada ya mtoto, na tone lilikuwa pale siku zote. Gari ikiwa inatembea mkanda unalipiga linarushwa pembeni, linakauka kwenye chuma cha moto, ndo maana hakuna aliyeliona kwa kuchungulia.

Akabadili wota pampu na gasketi yake, mfuniko mpya, klampu, akarudisha thamostati, akatoa maji yote machafu akasafisha mara tatu mpaka yakatoka meupe, na bizari ikatoka jamani, vipande. Mkanda nao ukawekwa mwingine kwa sababu ulishaloa na kupasuka. Halafu kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini. Hapa nako niseme neno, maana nilizoea kujaza maji ya bomba. Mnaona birika zetu za chai Dodoma zinavyokuwa na ukoko mweupe ndani? Maji yetu ya visima yana madini mengi, na ukiyachemsha kila siku kwenye injini yanajenga ukoko uleule kwenye mirija ya rejeta na yanakula sili ya pampu. Kulanti ina dawa za kuzuia kutu na inachelewa kuchemka kuliko maji. Yeye aliniwekea ile iliyokwisha kuchanganywa, kama lita tano hivi zinaingia, akasema isichanganywe na maji ya bomba tena wala na kulanti ya aina nyingine kwa kuangalia rangi tu. Akamalizia na kutoa hewa, akaacha mfuniko wazi injini ikiwa baridi akaiwasha, hita imefunguliwa mwisho, akawa anaongezea kidogokidogo huku mapovu yanatoka mpaka thamostati ikafunguka na feni ikawaka na kuzima mara mbili. Wengi wanaruka hatua hii, hewa inabaki ndani, gari inachemsha kesho yake na lawama inaenda kwa pampu mpya. Na hewa ina hatari nyingine, sensa ya joto ikibaki kwenye hewa badala ya maji inaweza kusoma uongo, taa haiwaki huku injini inaungua.

Sasa Mhariri, hoja yangu yenyewe ni hii. Nilipomuuliza yule kijana kwa nini wenzake hawapimi akanijibu bila kuwasema vibaya: "Mwalimu, mteja hakulipi kwa kuangalia, anakulipa kwa kufunga spea." Nimelala na hilo neno. Ni kweli, sisi wateja tukikaa gereji saa mbili fundi anachunguza halafu akatudai elfu kumi tunasema mbona hujafanya kitu. Ila akifunga rejeta ambayo haikuhitajika tunalipa laki na zaidi na kushukuru. Tunamfundisha fundi kubahatisha. Hospitali tunalipia vipimo kabla ya dawa na hakuna anayelalamika, kwa nini gereji tuone kupima ni wizi? Mimi kuanzia sasa nikienda gereji nasema mwanzo kabisa, fundi, nitakulipa kupima peke yake, ukishapima uniite unioneshe kwa macho yangu panapovuja, ndo tuongee spea.

Na mafundi wetu nawaomba kwa heshima, kile kipampu cha presha mnaweza kuchanga gereji tatu nne za mtaa mmoja mkanunua kimoja mkazungusha. Kinaokoa jina lenu. Mji huu umejaa magari, kila siku watu wanatoka hapa kwenda Morogoro, Singida, Iringa kwa Mtera, Kondoa, barabara ndefu, jua kali, na mtu anayesimamishwa na gari Saranda au kule mbele ya Gairo akiwa na familia hana fundi wa kumkimbilia.

Lingine dogo lakini naliona kubwa, mkitoa kulanti kwenye gari msiimwage chini. Kulanti nyingi zina kemikali inayoitwa ethileni glikoli, ina ladha tamu na ni sumu kali, mbwa anailamba, mbuzi anailamba, na mtoto wa miaka miwili anaona maji mazuri ya rangi. Gereji zetu ziko katikati ya makazi. Wekeni kwenye dumu lenye mfuniko, dumu la zamani la soda hapana, mtu atakunywa.

Nimechora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye kitanki changu cha akiba, na kila asubuhi kabla sijaenda shule, injini ikiwa baridi, nafungua boneti naangalia. Ni wiki ya sita sasa, nimeshapanda Saranda mara tatu, na kulanti iko kwenye mstari. Ningefurahi mafundi wa Dodoma wanaosoma gazeti hili wakaandika kwenye ukurasa huu wanatoza kiasi gani kupima uvujaji tu bila kufunga chochote, ili sisi wengine tujue tukija tuje na shilingi ngapi mkononi.

Mwalimu, mwenye IST
Nkuhungu, Dodoma